Sahani ya mkulima, siku ya mkaa kitini: mazoea ya afya kwa sisi wa Kigoma mjini

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Uzi huu nimeuandika nikiwafikiria zaidi ndugu zangu wa Kigoma mjini, kuanzia Kibirizi na Mwanga hadi Gungu na Ujiji, ingawa naamini hata aliyeko Kasulu au Tabora atajiona humu. Hoja yangu ni moja: wengi wetu tumeacha kazi za mkulima na mvuvi lakini hatujaiacha sahani yake, na presha, kisukari na vitambi tunavyoviona mitaani vinatokana kwa sehemu kubwa na pengo hilo.

Wazazi wetu walikula ugali mkubwa wa muhogo, sombe (kisamvu, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa) iliyoungwa kwa mawese na dagaa, kisha wakapanda kilimani na jembe begani, wakashuka ziwani kuteka maji, wakaenda gulioni kwa miguu na kurudi na mzigo kichwani. Leo karani wa ofisi, mwenye duka pale Mwanga, fundi cherehani, wakala wa miamala ya simu na dereva wa gari la abiria wanapakuliwa sahani ileile, pengine yenye mafuta mengi zaidi, halafu wanakaa tangu asubuhi hadi jioni na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Nguvu ambayo mwili haukuitumia haipotei. Hugeuzwa mafuta, na yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo, ndiyo yanayouelemea moyo na kuvuruga sukari ya damu kuliko yale ya mapajani au makalioni.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ninachoshauri hakihitaji mzani. Azima futi ya fundi cherehani, uizungushe kiunoni katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida na bila kubana tumbo. Kwa mwanamume, kuanzia sentimita 94 hatari imeanza kupanda, na ikipita 102 ni kubwa. Kwa mwanamke mipaka hiyo ni 80 na 88. Mtu mwembamba wa mikono na miguu mwenye kitambi asijifariji kwa uzito wake mdogo.

Sasa nije kwenye mwendo, ambao naupa nafasi ya kwanza. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makondakta walikuwa watu wa tabaka moja na mwajiri mmoja, ila dereva alikaa zamu nzima ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na hata walipopatwa, ugonjwa haukuwa mkali kiasi kile. Utafiti huo naupenda kwa sababu kondakta yule hakuwa mwanamichezo wala hakutenga saa ya mazoezi. Mwendo ulikuwa ndani ya siku yake ya kazi. Nasi tunaweza kuurudisha ndani ya siku zetu kwa njia hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au nusu ya muda huo ikiwa shughuli ni nzito, pamoja na siku mbili au zaidi za kazi ya kuimarisha misuli. Shughuli ya wastani ni ile inayokupandisha pumzi kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Hapa kwetu jiografia inatusaidia: anayepanda kwa miguu kutoka kituo cha reli hadi Mwanga hahitaji mtu wa kumweleza maana ya pumzi kupanda. Nusu saa ya mwendo wa namna hiyo, siku tano kwa wiki, inatosha kukifikisha kiwango cha chini, na si lazima itembewe kwa mkupuo mmoja. Dakika kumi za kwenda kazini, kumi za kwenda sokoni mchana na kumi baada ya chakula cha jioni zinahesabiwa zote.

Hizo kumi za baada ya chakula nazisisitiza kwa namna ya pekee. Baada ya ugali sukari hupanda katika damu, na misuli ya miguu inapofanya kazi huivuta sukari hiyo na kuitumia, hata kwa mtu ambaye insulini yake, homoni inayoratibu sukari ya damu, imeanza kuzembea. Desturi ya kula saa tatu usiku na kuinuka mezani moja kwa moja kwenda kitandani, au kwenye kiti cha kutazamia mpira, inaunyima mwili nafasi hiyo. Anayeweza kula mapema kidogo na kuzunguka mtaa mara moja na mwenzi wake kabla ya kulala anafanya jambo dogo lenye faida kubwa.

Kuna wanaokata tamaa kwa sababu simu zao zinawadai hatua 10,000 kwa siku. Idadi hiyo ilitoka Japani mnamo mwaka 1965, ilipotumika kuuzia kifaa cha kuhesabu hatua; haikutokana na utafiti wa kitabibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Anayetembea kidogo ndiye anayefaidika zaidi akiongeza kidogo.

Vikundi vya kukimbia vya Jumamosi asubuhi ninaviheshimu, kwa kuwa vinawatoa watu kitandani na kujenga urafiki. Ninachokipinga ni kuzifanya mbio hizo kuwa kafara ya wiki nzima: mtu anakimbia kilomita kadhaa, anamalizia kwa supu, chapati mbili na soda, halafu hatembei tena hadi Jumamosi nyingine. Mwili hauweki akiba ya namna hiyo.

Kuhusu chakula, sitamwambia mtu wa Kigoma aache chakula cha Kigoma, kwa sababu kipo vizuri zaidi kuliko chipsi na soseji tunazozikimbilia. Dagaa wetu wanaliwa wazima pamoja na mifupa yao, hivyo wana protini na kalsiamu kwa pamoja. Maharage yana protini na nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Ugali wa muhogo wenyewe una wanga mwingi na protini kidogo sana, kwa hiyo kosa linatokea pale mlima wa ugali unapopakuliwa na mboga ikawa ya kuchovya tu. Ningependa tugeuze uwiano: nusu ya sahani iwe mchicha, sombe, kabichi au mboga nyingine ya majani, robo iwe dagaa, samaki au maharage, na robo iliyobaki ndiyo iwe ugali, wali au ndizi. Anayelima au kubeba mizigo bandarini aongeze ugali wake bila wasiwasi, maana yeye anautumia.

Mawese yanastahili maelezo marefu, kwa sababu hapa wengine huyasifu kupita kiasi na wengine huyalaani kupita kiasi. Wekundu wake unatokana na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga, na hilo ni jambo la kweli kwa watoto wetu. Lakini karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta magumu, yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu, wakati kwa alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Zaidi ya hayo, mafuta ya aina yoyote yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito uleule. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120. Mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu kwa kukadiria kwa jicho huweza kutia vijiko vinane mahali ambapo vitatu vingetosha, na hakuna atakayeona tofauti katika ladha. Ipo pia tabia ya kuyachoma mawese hadi wekundu utoweke kabla ya kukaangia. Anayefanya hivyo anaiharibu ile faida ya vitamini na kubakiza mafuta magumu peke yake. Ushauri wangu ni kuyapima kwa kijiko, kuyatia katika mboga bila kuyafikisha kwenye kutoa moshi, na kubadilishana na alizeti au karanga za kusaga kwa siku kadhaa za wiki.

Chumvi sitaieleza kwa kirefu. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kisizidi kijiko kimoja cha chai, kikijumlisha chumvi iliyomo tayari katika samaki wa kukaushwa kwa chumvi, viungo vya mchuzi vya vipande na mikate. Anayepunguza ahakikishe kile kidogo anachotumia ni chumvi yenye madini joto. Samaki wa chumvi waloweke na uyamwage maji hayo kabla ya kupika. Na kikopo cha chumvi kiondoke mezani.

Sukari ya kunywa ndiyo ambayo ningeiondoa kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa haishibishi. Soda moja ya kawaida ina sukari ya gramu 30 au zaidi, nayo peke yake inazidi gramu 25 ambazo ni kiwango bora cha siku nzima. Chai ya vijiko vitatu, ikinywewa mara tatu, nayo inakipita kiwango hicho. Ukipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki moja au mbili, ulimi unazoea bila vita.

Nakaribisha maswali na michango.

Mchangiaji, muuguzi wa Kasulu

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo, nami naomba kuongeza jambo ambalo nakutana nalo kila siku kazini. Presha haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi akijiona mzima, akitembea na kufanya kazi zake, hadi siku anapopata kiharusi, na ndugu zake wakaanza kutafuta aliyemroga. Naomba kila mtu aliyefikisha umri wa miaka 40, na hata kabla ya hapo ikiwa wazazi wake wana ugonjwa huo, apime angalau mara moja kwa mwaka katika kituo cha afya kilicho karibu.

Kipimo nacho kina adabu zake. Usipimwe mara tu ulipofika ukihema kwa kupanda mlima. Kaa kwanza dakika tano, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikiwa chini bila mmoja kupandishwa juu ya mwingine, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze wakati kipimo kinasoma. Kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, kirudiwe siku nyingine, na kikibaki hapo ndipo tunasema mtu ana presha. Naomba sana wale walioandikiwa dawa wasiziache kwa sababu wameanza kutembea au kupunguza chumvi. Mazoea haya yanasaidiana na dawa, na daktari ndiye atakayepunguza dozi akiona vipimo vimeshuka.

Mchangiaji, mama wa Gungu

Mimi naunga mkono yote, lakini naomba wanaume wa jamvini waelewe kwamba mwanamke hatembei kwa uhuru ule mnaoufikiria. Nikitoka jioni nikatembea haraka bila mzigo wala kikapu, majirani wanauliza kama kuna msiba au kama nimegombana nyumbani. Usiku ndiyo kabisa, siwezi kutoka peke yangu. Na asubuhi kuna watoto wa shule, kuna kuni, kuna maji. Mnanishauri nini?

Mleta uzi

Dada yangu, umesema jambo ambalo washauri wengi wa afya huliruka. Kwanza naomba ujue kwamba kubeba maji, kufua kwa mikono, kufagia uwanja na kutwanga sombe kwenye kinu ni shughuli ya mwili iliyo kamili, na kutwanga kunaimarisha mabega na mgongo. Kwa hiyo usijihesabu kama mtu asiyefanya mazoezi. Anayehitaji kuongezewa mwendo ni yule mwenye bomba ndani, msaidizi wa kazi na duka la kukaa.

Ikiwa wewe uko katika kundi hilo, njia niliyoiona ikifanikiwa kwa kina mama wa mtaani kwetu ni kwenda watatu au wanne pamoja, mara baada ya sala ya alasiri au kabla ya giza, na kuuambatanisha mwendo na shughuli inayojulikana, kama vile kwenda sokoni kwa njia ndefu, kumjulia hali mgonjwa, mazoezi ya kwaya au kikao cha vikoba. Mkiwa kundi, maswali ya majirani yanakwisha baada ya wiki chache, na mara nyingi waliouliza ndio wanaojiunga. Siku ambayo haiwezekani kutoka, panda na kushuka ngazi au kizingiti cha nyumba kwa dakika kumi, ukibadilisha mguu. Na waume waliomo humu nawaomba washike ndoo na ufagio mara moja moja. Mke atapata nafasi ya kutoka, na kitambi cha mume kitapata kazi.

Mchangiaji, Katonga

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Anaingia ziwani jioni na kurudi alfajiri, anauza, anafika nyumbani jua likiwa limeshapanda. Analala vipande vipande kwa sababu ya kelele na joto, na ili akeshe huko majini anakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Siku hizi anasema moyo unamwenda mbio. Mwendo si tatizo lake, maana kuvuta nyavu ni kazi. Yeye afanye nini?

Mleta uzi

Pole sana, mama. Kwanza kabisa, moyo unaokwenda mbio usitibiwe kwa uzi wa mtandaoni; aende akapimwe wiki hii, na aache vinywaji hivyo sasa. Vina kafeini nyingi na sukari nyingi, na kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi, kiasi kwamba kinachonywewa usiku wa manane bado kinamnyima usingizi anapojinyoosha asubuhi. Hapo ndipo mzunguko unapojifunga: analala vibaya kwa sababu ya kinywaji, kisha anakunywa tena kwa sababu hakulala.

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za usingizi, na anayelala mchana anazihitaji sawasawa na wengine. Mtengenezee chumba chenye giza, kwa pazia nzito au hata kitenge kilichokunjwa mara mbili dirishani, na watoto wajulishwe kwamba hadi saa fulani baba haamshwi. Chandarua kitumike hata mchana, kwa kuwa kulala ukipiga mbu si kulala, na malaria mkoani kwetu si jambo la kupuuzwa. Kabla ya kuingia majini ale mlo kamili, na usiku abebe maji, ndizi au karanga badala ya mandazi na soda. Akiweza kusinzia kidogo alasiri kabla ya kutoka, macho yatamkubali zaidi kuliko kinywaji chochote.

Jambo moja zaidi: kipindi cha mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika, wavuvi wengi huhamia kulala usiku kwa ghafla na kutumia siku hizo kwa pombe. Ni siku ambazo mwili ungelipwa deni lake la usingizi. Naomba azitumie hivyo.

Mchangiaji, Ujiji

Mimi ni mstaafu, nina umri wa zaidi ya miaka 70. Magoti yananiuma, na wanangu wananiambia nipumzike. Je, mwendo hautanimalizia magoti?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Kwa magoti yanayouma kwa ajili ya umri, kupumzika siku nzima huyadhoofisha zaidi, kwa sababu misuli ya mapaja ndiyo inayolibeba goti, na misuli isiyotumika hupungua haraka uzeeni. Isipokuwa kama goti limevimba, lina joto, au linakwama na kushindwa kunyooka, maana hapo daktari aone kwanza.

Anzia kwenye kiti imara cha mbao kilichoegemezwa ukutani. Kaa, vuta miguu nyuma kidogo, inuka polepole ukisukuma kwa mapaja, kisha rudi kukaa polepole bila kujitupa. Ukihitaji, shika meza mbele yako. Fanya mara tano, pumzika, rudia mara tano nyingine, asubuhi na jioni, na uongeze kadiri mwili unavyokubali. Maumivu madogo yanayokwisha baada ya muda mfupi hayana ubaya, lakini yakiongezeka hadi kesho yake, punguza idadi. Mbali na hilo, tembea kwenye tambarare, na uiache miteremko kwa sasa, kwa kuwa kushuka kunalikandamiza goti kuliko kupanda. Vaa viatu vyenye soli laini badala ya kandambili, shika mkongojo kwenye mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma, na toka asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukihisi kifua kubana au pumzi kukata, simama na uende hospitali.

Na ikiwa wanao wanapenda kukusaidia, mzee wangu, waambie mmoja wao atembee nawe.